Moto Ulio Kwenye Simu Yako

Kariakoo, Jumamosi jioni

Mama,

Simu yako bado inakuita. Kila jioni, saa uliyozoea kufunga duka, inalia: "Tumekukosa! Rudi ujifunze." Haijui. Ile programu yako ya kujifunza Kichina haina habari kwamba tulikusafirisha mpaka Kibosho, tukakulaza migombani, karibu na babu.

Mimi ndiye ninayeijibu. Unaukumbuka ule moto mdogo juu ya kioo, ambao usipojifunza siku moja unazimika? Uliuacha unawaka. Ni kitu chako pekee ambacho hakijasimama, mama. Hata siku ya mazishi nilijibanza nyuma ya jiko nikitafuta mtandao. Shangazi akanikuta. "Neema! Mama yako hajafukiwa vizuri, wewe uko kwenye gemu?" Ningemwelezaje?

Wewe ulicheza, na ukajua. Elimu yako darasa la saba, umekaa katikati ya mabegi, unatamka Kichina kwa sauti mpaka wapita njia wanageuka. Mlishindana pointi na Mama Salma wa fremu ya jirani. "Leo nimekupita, bibi wee, utanikoma!" Ulichagua masomo magumu. Ukikosea, mioyo ya pale kwenye kioo inapungua, ikiisha, unacheka: "Nimekufa tena! Ngoja nifufuke." Unauza begi, mioyo inarudi, unaendelea.

Mimi siwezi. Naogopa kuiona mioyo yako ikiisha. Kwa hiyo narudia salamu zile zile za somo la kwanza. Moto unawaka, pointi zimejaa, nimemwacha Mama Salma mbali. Alikuja kunitania, akaishia kulia.

Jana alikuja yule mzee wa Kichina anayetuletea mzigo, uliyekuwa ukibishana naye bei mpaka anashika kichwa. Nikamsalimia vizuri kabisa. Akafurahi, akaniuliza kitu huku akionyesha kiti chako. Pointi zote zile, na sijui neno la kusema kwamba umekufa, mama. Nikafumba macho, nikalaza shavu kwenye kiganja. Akadhani umelala. Akaweka kidole mdomoni, akaondoka akinyata, asikuamshe.

Nikatamani nami niamini alivyoamini yeye.

Leo nimefungua somo uliloishia. Gumu, mama. Mioyo imeisha hata sijafika katikati. Nikirudi kwenye salamu sasa hivi, moto utapona. Simu iko hapa mkononi, na sirudi. Kesho moto utakuwa umezimika. Nisamehe. Sijui nitashika nini cha kwako.

Ila nakuahidi, nitakosea kama ulivyokosea wewe, mpaka nijifunze lile neno. Yule mzee akirudi kukuulizia nitamwambia mwenyewe, asinyate tena.

Lala, mama. Simu ikinyamaza, usidhani nimekusahau. Na wewe unikumbuke.

Mwanao,
Neema