Mshale Ulioachiwa Nafasi Ukutani

Kwako Mama, usiyepokea tena simu zangu,

Nakuandikia nikiwa Mbeya, nimeketi juu ya kitanda chako, kati ya majora ya satini ambayo hakuna aliyethubutu kuyahamisha tangu tulipokuzika. Leo jioni tunamuaga Tumpe. Kitinda mimba wako anafanyiwa sendofu kabla ya kuolewa, na hii ni sherehe ya kwanza katika ukoo wetu kupambwa na mikono isiyo yako. Tangu alfajiri watu wananiuliza mahali zilipo pini, mahali zilipo riboni, mahali ilipo pasi. Najua vyote vilipo. Asiyejulikana alipo ni wewe, na hilo hakuna anayeniuliza.

Unakumbuka jinsi vita vyangu vilivyoanza? Hosteli yetu ya chuo kule Iringa ilipakwa rangi ili kumpokea mgeni rasmi. Kwa kuwa waliotoa amri walitaka kuta zipendeze, mafundi wakapitisha brashi hata juu ya ile mikanda ya kijani, ile inayong'aa gizani kuonyesha njia ya kutokea wakati wa hatari. Ngazi zote zikawa nyeupe, zikawa nzuri, zikawa vipofu. Nilipanda juu ya benchi la bwalo nikauliza: je, mgeni rasmi analala humu? Je, moto ukizuka utasubiri hotuba yake ifike mwisho? Je, uhai wetu una thamani ndogo kuliko ndoo moja ya rangi? Wenzangu waligonga meza hadi vikombe vikaanguka. Jioni ile nilikupigia simu nikiwa mbele ya duka moja la Kihesa, sauti imekauka, moyo umejaa, nikingoja pongezi.

"Hongera, Redio," ulisema, kwa jina lile ulilonipa tangu nilipojifunza kubishana. "Sasa na mama yako utamsemea mkutano gani? Maana hiyo milango yako ya dharura, kila Jumamosi mimi ndiye ninayeifunika."

Nilidhani unatania. Hukuwa unatania. Ulinieleza kwa utulivu wako wote kwamba katika kumbi nyingi meza kuu huwekwa kwenye ukuta wa nyuma. Kwamba ukuta wa nyuma ndio wenye mlango wa dharura. Na kwamba hakuna familia iliyochangishana miezi mitatu itakayokubali bibi harusi wake apigwe picha mbele ya mlango wa chuma. Kwa hiyo mpambaji anashusha satini kutoka darini hadi sakafuni, na mlango unatoweka pamoja na alama zake. Nikaanza kuhutubia. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema, "Umemaliza? Haya, hotuba imepokelewa. Njoo likizo unionyeshe. Mimi sihutubiwi, mimi naonyeshwa."

Nikaja. Nakuona sasa hivi kama nilivyokuona mchana ule katika ukumbi mtupu: umesimama juu ya stuli, pini midomoni, unazungumza bila hata moja kuanguka. Nilikueleza kwamba mkanda ule hauna umeme wala betri. Hunyonya mwanga wa taa zinapowaka, na taa zikizimika huurudisha.

"Kwa hiyo unakula taa," ulisema.

"Unakula, Mama. Ukiufunika tangu asubuhi, giza likiingia unakuwa na njaa. Hata mtu akichana kitambaa, hataona kitu."

Uliteremka. Ulifungua kitenge chako cha kiunoni, kile cha bluu chenye maua ya manjano, ukatufunika wote wawili vichwa, ukatusogeza mpaka pua zetu zikakaribia mshale wa mkanda ulio kando ya fremu ya mlango. Mchana wa Mbeya ulibaki nje ya kitambaa. Ndani yake, kidogo kidogo, mshale ukajitokeza, kijani, mtulivu, na uso wako ukajitokeza pamoja nao, pini zikimeta midomoni mwako. Sikuwa nimekaa karibu nawe namna ile tangu utotoni, uliponibeba mgongoni chini ya mablanketi siku za baridi. Ulitoa pini mdomoni. Ukasema polepole, "Ndaga fijo," asante sana ya kwetu, kama mtu anayemshukuru aliyempisha njia.

Kisha ukanipeleka upande wa pili, kwenye mlango uliokuwa umeufunika kwa satini tangu asubuhi. Tukaingia nyuma ya satini, tukajifunika kitenge kilekile, tukangoja. Giza tupu. Ulipapasa ukuta kwa kiganja kama unayempapasa mtoto mwenye homa, ukasema, "Huyu maskini hajala."

Tangu siku ile hukuziba mlango hata mmoja. Satini uliigawa katikati, ukaikusanya kwa riboni huku na huku, mshale ukabaki wazi kati ya maua kana kwamba umealikwa. Na kabla ya kila sherehe ulijifunika kitenge ukutani kuhakikisha kwamba mshale umeshiba. Wapambaji wenzako walikucheka: "Mama Redio, unajifukiza mafua ukutani?" Nawe ulijibu ukiwa ndani, sauti imezibwa na kitambaa: "Najifukiza, ndiyo. Njooni, mvuke upo wa kututosha wote."

Mama, nimesimama mbele ya wakuu wa chuo bila kutetemeka. Nimewaambia wanaume wenye suti kwamba jengo lisiloonyesha mlango wake ni mtego wenye hati miliki. Mikanda ya hosteli ilibandikwa upya, na siku ile nilikuwa nimekwisha kubonyeza jina lako kwenye simu kabla sijakumbuka. Sikukata. Niliiacha iite mpaka ilipochoka.

Lakini jana, mbele ya kamati ya sendofu, sauti yangu ilinikimbia.

Tulikuwa ukumbini. Vijana walikuwa wanashusha satini yako kutoka darini, jora zima, bila kuigawa. Nikasema isimame. Mama Mkubwa, dada yako, mwenyekiti wa kamati, aliinua miwani yake akanitazama. "Mwanangu, unataka mtoto wetu apigwe picha na mshale juu ya kichwa, kama gari linalokata kona?" Kamati nzima ikacheka. Nikaeleza. Nikaeleza tena. Akasema, "Basi tufunike, na kijana mmoja akae pale. Umeme ukikatika, afunue." Nikaanza kusema kwamba alama iliyofunikwa mchana kutwa haiwezi kung'aa jioni, na nikajisikia mwenyewe nikipaza sauti, nikiuliza maswali matatu mfululizo, nikinyoosha kidole. "Hapa si chuo," alisema, bila ubaya. "Na mdogo wako keshakupita kuolewa; angalau mpishe apendeze." Wakacheka tena. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: usikike kutoka juu ya stuli, na pini zako midomoni, ukisema, "Mwacheni Redio amalize."

Mama, haukuwa tena mshale niliokuwa nautetea. Ule ukuta ndio mahali pa mwisho ambapo bado unafanya kazi. Wakiuziba, nitakuwa nimekuzika mara ya pili, na safari hii mimi ndiye nitakuwa nimeshika kitambaa.

Ndipo Tumpe akainuka. Tumpe mnyamavu, ambaye ulikuwa ukisema maneno yote ya nyumba hii niliyachukua mimi nikamwachia yeye masikio. Alifungua mkoba wako wa pini, akatoa kitenge cha bluu chenye maua ya manjano. Kumbe alikuwa nacho yeye. Akaenda ukutani, akatugeukia. "Mama Mkubwa, njoo ujifukize."

Mama Mkubwa alikwenda huku akinung'unika, labda kwa sababu bibi harusi hakataliwi. Nami nikaingia. Tulikuwa watatu chini ya kile kitenge, mabega yamebanana, kilemba cha Mama Mkubwa kikinisukuma shavu. Mshale ulikuwa umekula taa za mchana kutwa. Ukajitokeza kwa utulivu uleule, na nyuso zikajitokeza: uso wa Tumpe, kisha uso wa dada yako, na katika mwanga ule wa kijani, Mama, paji lake la uso ni paji lako. Sikulijua hilo kabla ya jana.

Tulingoja aseme neno kuhusu mshale. Alivuta pumzi ndefu, akashika pindo la kitenge akalipeleka puani.

"Kina harufu ya mdogo wangu," alisema.

Tulikaa mle ndani muda mrefu kuliko mshale ulivyohitaji. Alipotoka alifuta miwani, akawaambia vijana, kwa sauti ya mwenyekiti, "Hiyo satini igawanywe katikati. Kama alivyokuwa akifanya mwenyewe."

Ningeweza kukufananisha na ule mkanda, unaorudisha mwanga baada ya taa kuzimika. Nimekwisha kuiandika sentensi hiyo mara mbili na kuifuta, kwa kuwa nakusikia: "Redio, nimekuwa plastiki sasa?" Hapana, Mama. Plastiki ina mwanga wa saa chache. Mimi nakutaka wewe, mwenye joto, mwenye kikohozi, mwenye kunikatiza. Nimeigawa satini kwa mikono yangu. Upande wa kushoto umekaa chini kidogo. Ungeona tangu mlangoni, ungeniteremsha kwenye stuli. Chini ya kitenge jana tulibanana, na bado nilihisi kando yangu nafasi ya mtu mmoja.

Pumzika sasa. Wageni wanaingia saa kumi na mbili, nami nakwenda kumvisha mdogo wangu. Taa ya juu ya mlango wa nyuma wa ukumbi nimeiwasha tangu asubuhi, na nimekataza mtu yeyote asiizime. Mshale wako unakula.

Mwanao wa kwanza,
Redio yako