Hapo Pana Mwenyewe

Lorong Melur,
Kampung Manjoi,
Ipoh.
17 Agosti 2019

Mpendwa Pak Su Hamdan,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mak Su, na kwamba baridi ya Perth haijakuingia kifuani. Sisi huku hatujambo. Bibi yetu, Opah, anasumbuliwa na magoti, ila bado hataki mtu mwingine aguse karai lake la ndizi za kukaanga.

Ni mimi Saufiah, kitinda mimba wa kaka yako Roslan. Kila Idi unapopiga simu nakusalimia tu, kisha naona haya na kumrudishia Opah simu. Kwenye karatasi naweza kusema zaidi.

Habari kubwa ni kwamba Bara Timah wametoa albamu. Ndiyo, Pak Su, bendi yenu ileile ya roki, baada ya miaka yote hii. Ipo ya kwenye simu, na ipo santuri nyeusi kubwa, kwa sababu mashabiki wenu wamezeeka na wanapenda kitu cha kushika mkononi.

Walirekodi juu ya duka la matairi la Anko Keong. Mwanawe amegeuza stoo kuwa studio, na ukutani amebandika trei za mayai ili sauti isivuje. Nilikuwa nakwenda nikitoka shule, nakaa pembeni na kitabu changu, lakini kurasa zilikuwa hazisogei. Nilikuwa nawasikiliza wao.

"Lan, teremsha wimbo kidogo," Anko Muni alimwambia Baba akiwa nyuma ya ngoma zake. "Ile sauti yako ya juu uliisahau kwenye kaseti."

"Kwanza wewe teremsha hilo tumbo," Baba akamjibu. "Limekufikia kwenye ngoma, linapiga kabla yako!"

Anko Keong alicheka mpaka akaliweka chini gitaa lake la besi. Nilitamani ungekuwepo. Nadhani hata wao walitamani.

Kisa chenu nimekipata kwa Opah, kipande kipande. Mwaka ule wanamuziki wenye nywele ndefu walipozuiwa kwenye televisheni, Baba alikwenda kwa kinyozi ili bendi isife. Wewe ukasema kichwa chako si cha kukodisha. Ukabeba gitaa, ukaondoka. Ninayo picha yenu ya kabla ya hapo, nimeiweka ndani ya kamusi yangu. Nywele zimewafika viunoni, suruali zimewabana kweli, na nyote wawili mmenuna kwa makusudi. Huwa nawatazama vijana wale na kuwaonea wivu, ingawa mmoja wao ndiye hunikumbusha kila asubuhi nisisahau chakula changu cha shule.

Sasa, Pak Su, nikueleze kilichonifanya niandike. Walirekodi upya "Mvua ya Mgodini", wimbo wako. Gitaa anapiga Faris, kijana hodari anayefundisha muziki mjini. Walipofika pale katikati, mahali ambapo wewe ulikuwa ukipiga peke yako, Baba akainua mkono.

"Hapo usipige."

"Nisipige nini, kaka? Hapo ndipo wimbo wenyewe ulipo," Faris akasema.

"Hapo pana mwenyewe."

Anko Keong alifoka. "We Lan, watu watadhani santuri imeharibika!" Baba akawaashiria waendelee. Wakapita pale kwa ngoma na besi tu, na pengo likabaki. Na kweli, juma la kwanza mtu mmoja alirudisha santuri dukani akidai gitaa limekatika.

Kabla ya uzinduzi, Opah alipika wali wa manjano wa kunata, na imamu wetu akaja kuisomea albamu dua. Nilidhani ataona vibaya. Kumbe alimwuliza Baba kwa sauti ya chini kama wimbo wa mgodini umo.

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi iliyopita katika ukumbi wa zamani karibu na stesheni ya treni. Walijaa watu wenye vipara na fulana nyeusi zilizowabana, na wengine walikuja na wajukuu. Walipofika kwenye lile pengo, niliogopa kuwa watazomea. Lakini mtu mmoja akaanza kuliimba gitaa lako kwa mdomo, "nyeee-nye-nyeee", kisha wa pili, kisha ukumbi mzima, na imamu wetu miongoni mwao, macho kayafumba, vidole vinacheza tumboni. Watu wazima walilia, Pak Su. Mimi pia.

Baba alikuwa ametugeuzia mgongo. Wimbo ulipokwisha akageuka, akashika maikrofoni huku anacheka na kupangusa uso.

"Mmekosea! Pale mwishoni hapandi, anashuka. Atakapokuja atawafundisha wenyewe."

Mimi, Pak Su, ni mtu wa maneno. Nilikuwa nimekaa mbele na nilimsikia vizuri. Hakusema "kama atakuja." Alisema "atakapokuja." Watu walipiga makofi, nadhani hakuna aliyelisikia neno lile isipokuwa mimi na Opah, maana Opah alinishika mkono na hakuuachia mpaka tulipofika nyumbani.

Watapiga tena hapohapo mwezi wa Desemba. Baba hajui kama nakuandikia. Yeye mwenyewe hataweza kukuomba, hilo unalijua kuliko mimi. Lakini neno amekwisha kulitoa mbele ya watu.

Msalimie Mak Su, na binamu zangu Izzati na Luqman. Opah, Mama, Anko Muni na Anko Keong wanakusalimu. Mungu akulinde na akufungulie njia.

Tafadhali, Pak Su, usimfanye Baba kuwa mwongo.

Mwanao akupendaye bila kukuona,
Saufiah binti Roslan