Lumemo Yako Imeingia Kilombero

Kaka Linusi,

Shikamoo. Najua hukupenda nikuamkie hivyo ofisini, ulisema nakuzeesha.

Wiki hii nimeunganisha modeli zetu, zile hesabu za mvua inavyogeuka maji ya mto. Yako ya bonde la Lumemo, niliyoitoa kwenye disketi yako, na yangu ya Kilombero sasa ni moja, ndani ya kompyuta ileile uliyokuwa ukiifunika kitenge kwa ajili ya vumbi. Mwanzoni ilikataa. Kumbe sote wawili tulikiita kituo cha mwisho Kivukoni, ikawa haijui maji ya nani yaende wapi. Nikabadili jina kwangu. Lako nikaliacha.

Halafu kwenye hesabu mafuriko yako yakafika siku moja kabla ya yangu, kama siku ile. Siku ile nilipokuambia mbele ya mkuu wetu kwamba umekosea, naye akaagiza modeli yako iwekwe kando. Hukugomba. Ulisema tu, "Dada Agnesi, mvua tunapima saa tatu asubuhi. Hebu angalia siku yako inaanzia wapi."

Sikuangalia. Wiki iliyofuata ukapanda gari kwenda kwenu Mahenge ukiwa na homa, na hukurudi.

Sasa nimeangalia. Siku yangu ilianzia saa sita usiku, si saa tatu asubuhi mvua inapopimwa, ndiyo maana mafuriko yangu yalichelewa. Kosa lilikuwa langu, Kaka. Langu tupu. Nikarekebisha, nikaendesha upya, na maji yakapanda sawasawa na ulivyoandika wewe. Nililia mpaka karani akaja kuuliza nimepata msiba gani.

Nilimweleza mkuu yote. Kisha nikaenda Mlabani kwa mkeo, nikamkuta anapepeta mchele. Nilipomaliza kusema, aliuweka ungo magotini. Akasema, "Hakuwa na kinyongo na wewe. Alisema, yule mbishi, lakini ipo siku ataangalia." Afadhali angenigombeza. Akanifungia mchele kidogo nikale na watoto.

Ripoti itatoka na jina lako juu, langu chini yake. Mkuu amekubali. Na mtu akiniambia nimekosea, hata awe mgeni wa jana kazini, nitaangalia kwanza ndipo nijibu. Hilo nakuahidi.

Lala salama, kaka yangu. Mungu akupokee kwa upole uleule uliokuwa nao kwangu.

Mdogo wako,
Agnesi