Ndizi Niliyokunyang'anya

Mama yangu wa Muleba,

Ni mimi, Anastazia wako, yule uliyewaambia watu kwamba kaishia darasa la nne lakini mwandiko wake unasomeka. Mtoto kalala mgongoni. Naandika kabla hajaamka.

Jumapili ile ulisimama mlangoni na ndizi kisukari mkononi. Kulikuwa na baridi, lakini wewe jasho lilikutiririka. Nikakunyang'anya. "Mama, unakwenda kukomunika halafu unakula?" Mapadri walishapunguza mfungo, ila kwetu tulishika ule wa zamani, tangu usiku hakuna kitu mdomoni. Ukanitazama kama hunijui. Kanisani ukamtukana katekista, ukaanguka kabla ya komunyo. Watu wakasema mizimu ya kwenu inakataa Ekaristi. Nami niliamini, mama.

Kwenye shamba la ujamaa ikawa vilevile. Asubuhi jembe linakuponyoka, unacheka peke yako. Mwenyekiti wa kijiji akasema umeamkia pombe ya rubisi. Wenzako nao: "Mama Anastazia, leo umemwahi jogoo kwenye mtungi?" Ukinywa uji unarudi kuwa wewe, unaomba radhi kwa mambo usiyoyakumbuka. Hakuna aliyejiuliza kwa nini uji.

Alijiuliza daktari wa Bukoba, tulipokupeleka hospitali. Wakakunyima chakula makusudi, wakawa wanakupima damu. Mimi nimekaa kando, nina ndizi mbili ndani ya kanga, nimekatazwa kukupa. Ulipoanza kupotea wakakutia maji ya sukari kwenye mshipa. Ukafumbua macho. "Mwana wange, umekula?"

Daktari akanieleza polepole. Kwenye kongosho lako kuna uvimbe unaomwaga kwa wingi kile kitu kinachomaliza sukari ya damu. Ni saratani, ya aina ambayo yeye aliwahi kuiona kwa mgonjwa mmoja tu. Ikiwahiwa inakatwa, mtu anapona.

Ukapanda meli kwenda Mwanza, wakakupasua. Uvimbe wenyewe kama punje ya kahawa, lakini ulikwisha kuzaa kwenye ini. "Umekaa miaka mingi," wakasema. Lawama ya miaka hiyo ni yangu, mama, nani mwingine nimpe?

Uliporudi ulitakiwa kula kila mara. Nakuletea bakuli, unanicheka: "Sasa mnanilazimisha." Ulicheka vizuri. Mimi sikuweza.

Mazishini mwenyekiti alikusifu kwamba ulikuwa mchapakazi. Nilikuwa na udongo mkononi, nikautazama uso wake, kisha udongo nikautupa kaburini.

Mjukuu wako ana jina lako, na anakula saa yoyote anayotaka. Mimi kanisani nakaa benchi la nyuma. Bado sijaweza kwenda mbele.

Juzi kwenye foleni ya duka la ushirika mwanamke mmoja aliyumba, akakaa chini, akaanza kusema ovyo. Wakaanza kucheka. Nikamshusha mtoto, nikainama, nikamuuliza, "Umekula?"

Lala, mama.

Binti yako,
Anastazia