Tafsiri Niliyoipunguza Makali

Al Wukair, Doha,
Qatar.
6 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Virginia,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti linaendeleaje na baridi hiyo ya Nyamira? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia.

Jerusha wako anarudi nyumbani Ijumaa. Hotelini wamemwachisha kazi kwa kupokea simu akiwa zamuni, jambo lililokatazwa. Usijilaumu kwamba ni wewe uliyempa Valerie simu amsalimie mamake. Wa kulaumiwa ni mimi.

Msimamizi wetu wa usafi hasemi Kiingereza cha moja kwa moja, yeye ni misemo tu. Kila jioni kwenye basi la kutoka West Bay Jerusha huniuliza maana, nami kwa Kiingereza changu cha sekondari najiona profesa. Nilimwambia 'piece of cake' ni mteremko, asije akangoja keki. Tulicheka hadi dereva akageuka.

Mwezi jana msimamizi alimkuta tena na simu, akamwambia, "This is the last straw." Maana yake uvumilivu umekwisha, kosa jingine hata dogo halina msamaha. Jerusha aliponiuliza alikuwa bado anatabasamu, Valerie ametoka kumwimbia. Nikashindwa. Nikamwambia, "Amechoka leo tu, hasira zitamwisha." Wiki iliyofuata akapokea simu bila wasiwasi. Huruma yangu ndiyo iliyomponza.

Jana akifunga sanduku nilimwambia ukweli. Hakugomba.

"Kwa hivyo ulijua, Nyaboke?"

Kisha akaanza kuniuliza upya kila msemo niliowahi kumfasiria. Akafika kwa 'good as gold', yaani mwema kama dhahabu, alioambiwa na msimamizi mwaka jana. Nilikuwa nimemweleza kwamba amesifiwa, ni mtu mwema asiye na neno.

"Na hiyo pia ulinihurumia?"

Nikaapa ni kweli. Hakuamini, akaendelea kukunja nguo. Nimeona aibu, Shangazi.

Tafadhali umpokee bila kumgombeza. Nisalimie Wayne na Michelle, na umbusu Valerie kwa niaba yangu. Mungu amfikishe salama, nawe akuongezee nguvu.

Jambo moja tu nakuomba. Akishapumzika, mwambie lile la dhahabu lilikuwa sifa ya kweli. Kutoka kinywani mwako huenda akaamini.

Wako akupendaye, japo kwa haya,
Nyaboke