Taji la Watoto Wadogo

Kwa dada yangu Nikareta,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji na mtoto, na kwamba lile jino limeshatoka. Sisi huku Elisi hatujambo. Mama anafuma, mbuzi wamezaa. Mimi nimemaliza mafunzo kwa wale akina mama wanaofuma vazi la mungu wetu Hera na kusimamia mbio zake. Nakuandikia kwa sababu mdomo wangu unaujua, mbele ya watu haufunguki.

Nina hasira, dada. Sijawahi kuwa na hasira hivi.

Unakumbuka kwamba mbio zetu za Hera huja mara moja kila miaka minne, na aliyeolewa hakimbii. Hizi zilikuwa zangu za mwisho, maana kabla ya nyingine nitakuwa nimeolewa. Mazoezini Arkipe, binti wa mfinyanzi, nilimwacha nyuma kila siku. Lakini siku ya kugawa makundi ya umri, mzazi ndiye anayetaja umri mbele ya akina mama. Baba akasema nina miaka kumi na miwili! Wewe ulinibeba mgongoni, unajua nina kumi na mitano. Nilipomvuta nguo akaninong'oneza ninyamaze, kwamba mzee Lisania anamtafutia mwanawe mke, na msichana mwenye taji hakataliwi.

Nikanyamaza. Nikapangwa na watoto wanaonifika kifuani. Arkipe akapaza sauti kwamba nikifika mwisho nisisahau kuwanyonyesha, na uwanja mzima ukacheka. Nilishinda, bila shaka. Wa pili alikuwa Mirto, mtoto wa miaka kumi na mmoja, aliyekimbia mpaka akatapika. Nikavikwa taji la mzeituni, nikapewa fungu langu la nyama ya ng'ombe wa Hera, nikasimama nalo likinichuruzikia mafuta mkononi, nikiwatazama wa rika langu wakikimbia mbio zangu. Arkipe akashinda. Hata kama angenishinda mimi, kushindwa huko kungekuwa kwangu. Baba kaniibia hata hilo.

Sasa nikuungamie. Ningeweza kutembea, Mirto anipite. Nilikimbia kwa nguvu zote, kwa sababu nililitaka lile taji.

Asubuhi hii nimekwenda kwa akina mama nikawaambia yote. Kesho watakuja kulichukua, wampelekee Mirto, majirani wakitazama. Baba hajui. Sasa hivi yuko uani, anamwonyesha mzee Lisania taji langu.

Mbusu mtoto, msalimie shemeji. Uniombee.

Mdogo wako,
Filina, mwenye miaka kumi na mitano