Tangu Mama Arudie Uji wa Mtama

Ha Ramosebo,
Semonkong,
Lesotho.
16 Juni 2019

Mpendwa wifi yangu Mpolokeng,

Pokea salamu zetu kutoka nyumbani. U hali gani huko Rustenburg? Mgongo umepoa? Mume wako na Katleho hawajambo? Sisi tu wazima, ila baridi imetukaba, na Lineo anaota meno. Ukiona mwandiko unapinda, ujue yuko mgongoni kwangu anarusha mateke.

Najua unataka kwanza habari za mama. Tangu nesi wa zahanati amkataze chumvi na mafuta kwa sababu ya presha, amerudia chakula cha usichana wake: motoho, ule uji wetu mchachu wa mtama, maharage ya kuchemsha, na mboga za porini. Lile jiwe la kusagia tulilokuwa tukizuilia mlango, sasa analipigia magoti mwenyewe.

Harufu ya uji ukichachuka inanirudisha mwaka ule nilipoletwa hapa bi harusi, nawe ukanionyesha namna ya kufunika chungu kwa blanketi kuukuu. Tulicheka mpaka tukafukuzwa jikoni. Nyumba hii ilikuwa na watu, wifi.

Basi uji huo umevuta na mengine. Mama anashuka bondeni mwenyewe kuchuma mboga, hataki kusindikizwa. Analala mapema. Ugoro ameuacha, anasema unamharibia ladha ya mtama, kwa hiyo usimtumie tena. Jirani yetu Mamokete alimtania, "Unajitengeneza hivyo, unatafuta mume?" Mama akamjibu, "Nitafute wa nini? Wako ameshageuka kunitazama mara mbili."

Lakini mwezi uliopita alianguka huko bondeni, vijana wachunga ng'ombe wakamleta wamemshika mikono. Ndipo nilipokuta vidonge vyake vya presha vimejaa kopo. Alipoacha chumvi, na vidonge akaviacha. "Ugonjwa nimeunyima chakula," akaniambia, "sasa hivyo vidonge vinamtafuta nani?"

Nilipomuuliza nesi, alisema chakula kimemsaidia kweli, ila dawa asiikatishe mwenyewe, kwani kiharusi hakipigi hodi. Nikamwomba kaka yako azungumze naye. Akasema, "Yule ni mama yangu, nimwambie nini?" Nani basi? Mimi ni mkwe tu, na unajua tangu nije hapa sijawahi kumpinga mama hata kwa neno.

Nililala nikiwaza, na asubuhi nikatoa lile blanketi langu la harusi, nikajifunga mabegani kama siku ile mliponipokea, nikapiga magoti mlangoni kwake. Akanitazama. "He, Malineo! Unaolewa tena? Na mwanangu ana habari?"

Sikucheka. Nikamwambia, "Mama, nilikuja nyumba hii nikakuta mama. Sitaki Lineo amjue bibi yake kwa kuonyeshwa kaburi. Nakuomba umeze dawa." Na sikuinuka, wifi.

Mama akasema, "Na wewe je? Kila siku chai ya sukari na mkate wa jana, tena umesimama, mtoto mgongoni. Wewe ndiye wa kunihubiria afya? Lete mabakuli mawili. Hicho kidonge kiweke kando ya langu. Kikikaa na chakula, nitakila kama chakula."

Siku hizi kila asubuhi tunakula tumekaa. Anameza kidonge, ananitolea ulimi niuone kama mtoto wa shule, halafu ananisukumia bakuli: "Haya, zamu yako, bi harusi." Na mimi nakula, wifi. Ni miaka sijala nimekaa.

Ukipiga simu, usimsifu tu kwamba amepungua mwili. Muulize kidonge. Usipomuuliza, nitajua, na nitakuandikia tena kwa ukali.

Msalimie sana mume wako Sechaba, na Katleho umbusu kwa niaba ya bibi yake. Mungu awape amani na mvua ya kutosha huko mliko, na awafungulie njia mje kutuona.

Mimi wifi yako, nikupendaye siku zote,

Malineo